Patakatifu, Mzimu na Mahali pa Matambiko Uchaggani

Katika Kiswahili cha leo, mahali palipotengwa kwa ajili ya ibada huitwa patakatifu, neno ambalo kisarufi ni kivumishi kilichopewa kiambishi cha ngeli ya mahali, pa-, kikasimama chenyewe kama jina. Shina lake ni kitenzi takata, yaani kuwa safi bila doa, ambacho kikipata kiambishi tamati -fu huzaa sifa ya -takatifu, kama tulia inavyozaa -tulivu. Maana ya msingi, basi, ni usafi, na watafsiri wa Biblia ndio walioikuza hadi ikafika kwenye Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa cha hema ya Waisraeli. Maneno mengine ya jamii hii yalishika njia tofauti: hekalu, lililopitia Kiarabu na ambalo asili yake ya mbali ni Kisumeri kwa maana ya nyumba kubwa, hupataja mahali kwa jengo lake, ilhali msikiti, mahali pa kusujudu, na madhabahu, mahali pa kuchinjia, hupataja kwa tendo linalofanyika hapo.

Miteremko ya Kilimanjaro ina mahali pa heshima kubwa ambapo hapana jengo, na ambapo usafi sio sifa ya kwanza inayomjia mwenyeji akilini. Mahali hapo pamo ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba na kurithiwa ndani ya ukoo. Kwa desturi ya zamani ya Wachagga, mtu mzima aliyeacha watoto alizikwa nyumbani kwake, na baada ya muda mifupa yake ilifukuliwa, fuvu likahifadhiwa migombani chini ya masale, mmea wenye majani marefu membamba ambao pia hupandwa kuonyesha mpaka. Hapo ndipo wazee walipomwaga mbege, pombe ya ndizi, na kuchinja mnyama wakiwaita waliotangulia kwa majina yao, ilhali dua kwa Ruwa, jina ambalo ni la Mungu na pia la jua, zilielekezwa juu, na upande wa Kibo, kilele cha mlima, ndio uliokuwa wa heshima. Jani la isale (umoja wa masale) ndilo pia linalopelekwa kwa jirani aliyekosewa ili kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito, kwa kuwa mwombaji huwa amekuja na alama ya wafu wa pande zote mbili.

Wanaoitwa mahali hapo ni warimu, yaani roho za wazee waliokufa, na neno hili ni ndugu wa damu wa mzimu wa Kiswahili: yote mawili yametokana na shina moja la Kibantu cha kale, isipokuwa pale ambapo Kichagga kina r, Kiswahili kina z. Tena, katika matumizi ya zamani ya Kiswahili mzimu haukuwa roho peke yake, bali pia mahali inapokaa, iwe pango, mbuyu au kaburi, ambapo watu huweka sadaka. Maana hii imo katika kamusi sanifu ya mwaka 1939 iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa tayari na istilahi inayolingana na masale ya kihambani, ikiwa na mzizi uleule, wala hapakuwa na haja ya kuitafuta mbali.

Kilichoitia doa ni historia. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig na mapadre wa Kikatoliki wa Kilema, walioanza kazi mlimani katika miaka ya 1890, waliyahesabu matambiko kuwa upagani, ingawa mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyehudumu Old Moshi kwa miaka mingi, aliandika habari za mila hizo kwa kina na kwa heshima. Mzimu ukabaki kuwa kitu cha kutishia watoto. Hata Petro Itosi Marealle, alipoandika kwa Kiswahili juu ya maisha ya Mchagga, alichagua kuyaita makao ya wafu ahera, neno la Kiarabu, badala ya kuzimu. Uchaguzi huo unaeleweka kwa wakati wake, lakini mwandishi wa leo hana sababu ya kuendelea kuliogopa neno la Kibantu lililo sahihi.

Wamijikenda wa pwani ya Kenya wanaonyesha kwamba inawezekana kulishika neno la kwao. Misitu yao iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 kwa jina la kaya, ambalo maana yake ni makazi, na hakuna aliyelazimika kulibadilisha. Karibu zaidi na Kilimanjaro, katika milima ya Upare Kaskazini, wenyeji hutenganisha mpungi, mahali pa matambiko ya ukoo, na mshitu, msitu wa jando, neno lililo karibu sana na msitu wa Kiswahili. Maandishi yanayoviita vyote viwili misitu mitakatifu hufuta tofauti ambayo kwa Mpare ni ya lazima, kwa sababu mwenye haki ya kuingia mpungini ni mtu wa ukoo ule, ilhali mshituni walipelekwa vijana wa koo nyingi pamoja.