Upatikanaji wa makala kamili za majarida kupitia maktaba ya chuo kikuu

Upatikanaji wa makala kamili za majarida kupitia maktaba ya chuo kikuu ni utaratibu unaomwezesha mwanafunzi, mwalimu au mtafiti kusoma makala nzima ya jarida la kitaalamu, kuanzia ikisiri hadi orodha ya marejeo, bila kuilipia mwenyewe. Maktaba hulipa ada kwa wachapishaji, au hujiunga na mpango wa kimataifa unaotoa huduma hiyo bure, kisha huwafungulia njia wasomaji wake.

Katika mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, utaratibu huu una umuhimu wa pekee. Tafiti nyingi zimefanyika Bukoba na Muleba kuhusu malaria, UKIMWI, migomba na maisha ya kaya, lakini sehemu kubwa ya matokeo imechapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya nje ya nchi. Asiyeijua njia ya maktaba anaweza kushindwa kusoma utafiti uliofanyika kijijini kwake.

Sababu za makala kutofunguka

Mtu anayetafuta kwa injini ya kawaida ya intaneti huona jina la makala na ikisiri yake. Akibonyeza ili asome zaidi, mara nyingi ukurasa wa mchapishaji humdai makumi ya dola za Marekani kwa makala moja. Wengi huishia hapo na kudhani kwamba makala haipatikani, ingawa pengine chuo chao kimekwisha kuilipia.

Tovuti ya mchapishaji humtambua msomaji wa chuo kwa njia mbili: kwa mtandao wa chuo anaoutumia, au kwa jina la mtumiaji na nywila alizopewa na maktaba. Ndiyo maana makala inayofunguka kwenye kompyuta ya chuo inaweza kukataa kufunguka nyumbani. Hili huwagusa hasa wanaosoma kwa masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina makao makuu Dar es Salaam na kituo cha mkoa mjini Bukoba. Mwanafunzi wake anaweza kuwa mwalimu anayeishi Kamachumu au Nshamba wilayani Muleba, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka makao makuu. Kwake maktaba ni ile ya kielektroniki, na nywila ndiyo ufunguo wake.

Hatua za kutafuta

1. Kuandika taarifa za makala: jina la mwandishi, jina la makala, jina la jarida, mwaka, juzuu, toleo na kurasa. Makala nyingi za siku hizi zina pia namba ya utambulisho iitwayo DOI, ambayo huanza na 10. Namba hiyo pekee yatosha kuitambua makala.

2. Kuingia kupitia ukurasa wa maktaba ya chuo, si kupitia injini ya kawaida, na kujitambulisha kwanza kwa nywila.

3. Kutofautisha katalogi na hifadhidata. Katalogi huonyesha vitabu na majina ya majarida. Kwa kawaida haionyeshi kila makala iliyomo ndani ya jarida. Makala hutafutwa katika hifadhidata.

4. Makala isipoonekana, kutafuta jina la jarida katika orodha ya majarida ya maktaba na kuangalia miaka inayopatikana. Usajili unaweza kuanzia mwaka fulani tu, na baadhi ya matoleo mapya hucheleweshwa kwa miezi kadhaa.

5. Kujaribu mpango wa Research4Life, unaounganisha Hinari kwa afya, AGORA kwa kilimo, OARE kwa mazingira, ARDI kwa sayansi na teknolojia, na GOALI kwa sheria. Hinari ilianza mwaka 2002 na AGORA mwaka 2003. Wanaosajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo nywila huombwa maktabani.

6. Kumwendea mkutubi. Anaweza kuomba nakala kutoka maktaba nyingine, au kueleza namna ya kumwandikia mwandishi wa makala. Anwani ya mwandishi huwekwa pamoja na ikisiri, na waandishi wengi hutuma nakala bila malipo.

Maneno ya kutafutia

Mara nyingi makala hukosekana kwa sababu ya neno lililotumika kuitafuta. Mnyauko wa migomba, unaoitwa pia unyanjano mkoani Kagera, uliripotiwa mkoani humo mwaka 2006. Anayeandika "unyanjano" katika hifadhidata ya kimataifa huenda asipate kitu, kwa kuwa makala zenyewe hutumia jina la Kiingereza "banana Xanthomonas wilt". Jina la kisayansi la bakteria wake nalo limebadilika: makala za zamani huandika Xanthomonas campestris pv. musacearum, na tangu mwaka 2020 zipo zinazoandika Xanthomonas vasicola pv. musacearum. Anayetafuta kwa jina moja tu huacha sehemu ya maandishi nyuma.

Majina ya mahali yana mtego uleule. Kabla ya kuitwa Kagera, mkoa uliitwa Ziwa Magharibi, na makala za Kiingereza za wakati huo huandika "West Lake". Maandishi ya enzi za ukoloni wa Waingereza hutumia zaidi "Bukoba" na "Haya", na nchi huitwa Tanganyika.

Mfano: utafiti wa vyandarua Muleba

Kati ya mwaka 2015 na 2017 ulifanyika wilayani Muleba utafiti mkubwa kuhusu vyandarua vyenye dawa. Mbu wa eneo hilo walikuwa wamejenga usugu dhidi ya dawa ya kawaida ya vyandarua, hivyo watafiti walilinganisha vyandarua hivyo na vingine vilivyoongezwa kemikali ya piperonili butoksidi. Maeneo 48 yaligawanywa kwa bahati nasibu. Ilionekana kwamba watoto wa maeneo yaliyopata vyandarua vipya walikuwa na maambukizi machache zaidi ya malaria, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo vitumike kwa masharti maalumu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika The Lancet, jarida la London, na mwandishi wa kwanza ni Natacha Protopopoff. Ingawa makala nyingi za jarida hilo hulipiwa, hii ilitolewa kwa ufikiaji huria: mtu yeyote anaweza kuisoma nzima kwa simu, bila nywila. Anayeacha kubonyeza kwa kuogopa malipo hujinyima bure.

Wasio na usajili wa chuo

Afisa ugani, muuguzi au mwalimu asiye mwanafunzi hana nywila ya chuo, lakini hakosi njia kabisa. PubMed Central ina makala kamili za afya na biolojia. African Journals Online hukusanya majarida ya Afrika, na orodha ya DOAJ ina majarida ya ufikiaji huria pekee. Vyuo kama Dar es Salaam, Sokoine na Muhimbili vina hazina za kidijiti zenye tasnifu na makala za wanachuo wao. Toleo la hazina linaweza kuwa rasimu iliyokubaliwa kabla ya kupangwa kurasa. Maudhui huwa karibu yaleyale, lakini namba za kurasa hutofautiana, na hilo lizingatiwe wakati wa kunukuu.

Tahadhari

Nywila ya maktaba ni ya mtu mmoja. Ikisambazwa na watu wengi wakapakua kupita kiasi, mchapishaji anaweza kukifungia chuo kizima. Vilevile makala kupatikana bure si uthibitisho wa ubora wake: yapo majarida yanayochapisha chochote mradi mwandishi alipe. Mwisho, ikisiri haitoshi kunukuliwa kana kwamba makala yote imesomwa. Idadi ya waliochunguzwa, mbinu zilizotumika na mipaka ya utafiti huelezwa kikamilifu ndani ya makala yenyewe, na hapo ndipo msomaji wa Bukoba au Muleba anaweza kupima kama yaliyosemwa kuhusu eneo lake ni sahihi.