Ramani ya chuma na matete ya Wahaya

Leo naweka programu kando, nizungumzie chuma. Huku kwetu Waithaka utapata fundi wa jua kali akitengeneza patasi kwa springi kuukuu ya gari. Anaipasha moto hadi iwe nyekundu, anaitumbukiza majini, basi. Muulize kipimajoto kiko wapi, atakucheka. Yeye hutazama rangi.

Yanayotokea ndani ya chuma kile yalichorwa na Mwingereza William Roberts-Austen mwaka 1897. Mholanzi Roozeboom akaunyoosha mchoro mwaka 1900. Ni ramani: chini kuna kiasi cha kaboni, kando kuna joto. Kwangu mimi ni kama fankisheni, unaipa namba mbili inakurudishia hali ya chuma. Chuma kitupu huyeyuka kwenye nyuzi 1538. Tia kaboni asilimia 4.3, kitayeyuka karibu na 1150. Chini ya asilimia 2 hivi ni chuma cha pua. Kikipashwa kupita nyuzi 727, atomu zake huanza kujipanga upya na kuipa kaboni nafasi ya kuingia. Kizamishe ghafla, kaboni inanaswa humo humo na chuma kinakuwa kigumu. Ndiyo patasi ya fundi wetu.

Sasa tuvuke hadi Buhaya, Tanzania, magharibi ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba huko watu walitengeneza chuma cha pua miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walikuwa wamewajengea tanuri upya. Watafiti hao walidai hewa ilipata moto ikipita katika mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri, na joto likapita nyuzi 1800. Wengine, akiwemo David Killick, walilipinga dai la hewa, na ubishi ukawa mrefu.

Mimi naona ubishi huo umefunika jambo tamu zaidi. Shimo la tanuri lilijazwa matete ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa. Chuma kilipodondoka juu yake kilikutana na kaboni tele, kikaisharabu. Yaani wazee hawa walikuwa wakisogea kwenye ramani kwa njia zote mbili, vukuto kwa joto, matete kwa kaboni. Bonge lililotoka halikuwa na kaboni sawa kila mahali: upande huu chuma laini, upande ule chuma cha pua. Kwenye mchoro wa Roberts-Austen, bonge hilo moja lingehitaji nukta nyingi.