Mgeni Anapofika Berlin

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Katika safari za siku hizi mambo hugeuka, mwenyeji ndiye amponyaye mgeni. Mji mkubwa usio na mwenyeji ni sawa na kitabu kilichoandikwa kwa lugha usiyoijua: utatazama picha, utakifunga, na utarudi nyumbani kusimulia jalada.

Mimi nilibahatika kuwa na mwenyeji mjini Berlin. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni muuguzi na ameishi huko zaidi ya miaka 20. Nilipomwarifu kwamba nakwenda kumtembelea kwa majuma matatu, alinitumia orodha ya mahali pa kutazama, na chini yake akaandika: "Shikamoo mjomba. Hii ni orodha ya wageni wote. Ukifika nitakupa ya kwetu."

Orodha ya wageni wote ni njema, wala siidharau. Ina Lango la Brandenburg, kisiwa cha makumbusho katika mto Spree, jengo la Bunge lenye kuba la kioo, na mabaki ya Ukuta ulioanza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961 na kufunguliwa usiku wa tarehe 9 Novemba 1989. Msomaji akijaliwa kufika, ayaone yote hayo. Lakini nimeshika kalamu kwa ajili ya ile orodha ya pili. Nilifundisha historia, kisha nikawa mkuu wa chuo cha ualimu, na kwa miaka mingi niliwasikia walimu vijana wakiufundisha Mkutano wa Berlin kana kwamba ulifanyika hewani. Ulifanyika mtaani, katika nyumba, na mtaa ule upo hadi leo.

Basi anzia hapo, Wilhelmstraße. Vaa viatu vya kutembelea, kata tiketi ya siku nzima ya treni na mabasi, kisha tafuta kibao cha maelezo karibu na nyumba namba 92. Usitegemee kuona jumba la fahari. Makazi ya Kansela Bismarck yaliharibiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, na leo mtaa umejaa nyumba za ghorofa za kupangisha. Hapo ndipo wajumbe wa mataifa 14 walipokutana kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, bila Mwafrika hata mmoja mezani.

Wanafunzi wengi huandika kwamba mipaka yetu ilichorwa mezani pale. Sivyo hasa. Mkutano uliweka kanuni za kutwaa pwani za Afrika, na za biashara katika mito ya Kongo na Niger. Mipaka yetu ilifuata baadaye, katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 na 1890. Hata hivyo, tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, ilitolewa hati ya Kaisari ya kuyaweka chini ya ulinzi wake maeneo ambayo Carl Peters alidai kupewa na watawala wa Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami. Mwalimu akisimama mbele ya kibao kile na tarehe hizo mbili kichwani, hatahitaji tena kuwakaririsha wanafunzi wake.

Siku ya pili nenda Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, barabara ya Invalidenstraße. Usiende Jumatatu, maana hufungwa. Ukiingia tu ukumbini utakutana na yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi. Kiunzi chake cha mifupa kina kimo cha meta 13.27, na shingo yake inapita ghorofa. Mifupa hiyo ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, muda mfupi baada ya Vita vya Maji Maji, na wapagazi wetu waliibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa za mwendo hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake lilikaa kimya mno, mpaka mwaka 2007 wataalamu walipoipa aina nyingine ya mjusi wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii. Ukitazama shingo ile, mkumbuke Boheti.

Mtoto wa mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 10, aliniuliza pale pale: "Babu, kwa nini hayupo Lindi?" Swali hilo limeulizwa mara nyingi hata katika Bunge letu. Wapo wasemao kwamba kumhamisha na kumtunza ni gharama kubwa, heri tudai ushirikiano na faida. Wapo wasemao kwamba mali ni mali, na mwenye mali haulizwi ana kabati la kuiwekea. Nilimwambia mtoto kwamba watu wazima bado wanabishana. Akasema: "Lakini hawa wanaomtazama wangeweza kwenda Lindi." Mpwa wangu alicheka. Mimi sikucheka, maana mtoto alikuwa ametaja hoja ambayo wakubwa huizunguka: palipo na mjusi ndipo panapokwenda wageni, na wageni huenda na fedha zao.

Kutoka hapo fuata Invalidenstraße kwa miguu kuelekea mashariki hadi uikute Brunnenstraße, kisha utafute nyumba namba 193. Tazama chini, njia ya waenda kwa miguu. Kuna kijiwe kidogo chenye bamba la shaba ya manjano. Wajerumani huviita vijiwe hivyo vya kujikwaa. Viko maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kina jina la mtu aliyeteswa na Wanazi, mbele ya nyumba aliyoishi kwa hiari yake kwa mara ya mwisho. Hiki ni cha mtu wa Dar es Salaam: Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Ujerumani alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Alizaliwa mwaka 1904. Akiwa mtoto alitumika katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, na huko alidai ujira wa jeshi ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Hakuupata. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, aliigiza katika sinema, na alisaidia kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani. Alifungwa katika kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Kijiwe chake kiliwekwa mwaka 2007. Kujikwaa si kuanguka, lakini pale mtu hulazimika kusimama.

Siku ya tatu ni ya majina ya mitaa. Panda treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Afrikanische Straße, katika eneo la Wedding. Utapita Sansibarstraße, Usambarastraße na Tangastraße, na mgeni wa kwetu atatabasamu. Asitabasamu upesi. Majina mengi ya eneo lile yalitolewa kusifu makoloni. Tangu mwaka 1939 palikuwa na barabara ya Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakubwa wa mji walitangaza kwamba barabara ile sasa inamkumbuka Peters mwingine. Kibao kikabaki kile kile, maana yake ikageuzwa. Wakazi, wakiwamo Waafrika wa Berlin, hawakuridhika, na mwaka 2024 sehemu moja ya barabara hiyo ikaitwa Maji-Maji-Allee, na nyingine ikapewa jina la Anna Mungunda wa Namibia.

Kisha rudi kusini, Neukölln, anakokaa mpwa wangu. Palikuwa na Wissmannstraße. Huyu Wissmann ndiye aliyeletwa kuzima upinzani wa pwani yetu, na kiongozi wake, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Sisi ni watu wa Pangani. Mpwa wangu aliniambia kwamba kwa miaka mingi alimpitisha mwanawe mkubwa chini ya kibao kile kwenda shule, na kila asubuhi alijiuliza amweleze au amwache akue kwanza. Mwaka 2021 mtaa ule ukapewa jina la Lucy Lameck, mwanamke wa Kilimanjaro aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika nafasi katika Bunge na Serikali yetu. "Siku hiyo, mjomba," alisema, "nilimweleza yote mawili kwa pamoja."

Yapo ambayo mwenyeji hawezi kukupeleka kuyaona, wala hayafai kutazamwa. Katika hazina za Berlin kumehifadhiwa mafuvu zaidi ya 1,000 ya watu wa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, mengi ya Rwanda, na takriban 200 ya kwetu. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliyaunganisha baadhi ya yale ya Kilimanjaro na jamaa walio hai. Mwaka huo huo, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha mjini Songea. Kuhusu mjusi, watu waungwana wanaweza kubishana. Kuhusu mifupa ya mababu sioni la kubishania. Maiti huzikwa kwao.

Lango la Brandenburg nimeliacha la mwisho kwa makusudi. Juu yake kuna sanamu ya gari linalovutwa na farasi wanne. Napoleon alipoingia Berlin mwaka 1806, aliamuru ishushwe, akaipeleka Paris kama ngawira. Mwaka 1814, baada ya kushindwa kwake, ikarudishwa na kupandishwa tena juu ya lango, na watu wa Berlin wakaisherehekea. Basi mji huu unajua kuibiwa ni nini, na unajua furaha ya kurudishiwa. Tena sanamu iliyopo leo ni nakala, kwa kuwa ile ya asili iliharibiwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Wenyeji wanaipenda vivyo hivyo, na wageni wa dunia nzima huipiga picha bila kulalamika. Ikiwa nakala inatosha kusimama juu ya lango lao kuu, naamini nakala ya mjusi nayo ingetosha kusimama katika ukumbi wao, na yule mwenyewe akaja Lindi.

Msomaji, ukifika Berlin, simama chini ya farasi wale, umwambie mwenyeji wako hivyo. Useme kwa upole. Mgeni mwema husema kweli bila kuvunja vyombo.