Mitaro ya Dar es Salaam na Mbu Wake

Mwaka 2004 manispaa tatu za Dar es Salaam, yaani Ilala, Kinondoni na Temeke, zilianza mpango mpya wa kupambana na malaria, na kazi ya mwanzo kabisa ilikuwa kuchora. Wakazi waliochukuliwa mitaani walizunguka nyumba kumi hadi nyumba kumi, kila kundi na mjumbe wake, katika kata 15, wakachora kwa mkono kila kiwanja, kila mtaro na kila mahali panapotuama maji. Michoro ile ilipolinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani, vikaonekana vipande vya ardhi ambavyo hakuna aliyevigusa, hasa kwenye majimaji pasipokaa watu. Mbu hajui eneo la mjumbe huyu linaishia wapi na la yule linaanzia wapi. Ikabidi watu warudi, wachore upya.

Nayapenda sana masimulizi ya michoro hii, kwa sababu jiji hili limepigana na mbu kwa zaidi ya miaka mia moja, na mara nyingi limeshindwa kwa kutokurudi.

Wajerumani walianza na damu ya watu. Robert Koch alifika hapa mwaka 1897, na baada yake, mwaka 1901, Dkt. Ollwig akaanza kupima damu za wakazi wa mji na kuwapa kwinini wenye vimelea. Wazo lilikuwa kwamba mbu akikosa mtu mwenye vimelea, hana cha kusambaza. Lakini mji wa bandari hauna mlango wa kufunga: watu huingia na kutoka kila siku. Hatimaye ikabidi watazame maji yenyewe.

Waingereza wakaja na mitaro, wakakausha majimaji, na mabwana afya wakawa wanakagua nyumba na mapipa. Kazi ile ilikuwa na faida, lakini tusisahau kwamba mji wenyewe ulipangwa kwa rangi za watu. Mnazi Mmoja, ambapo leo tunapumzika, paliachwa wazi ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na watu wa rangi nyingine wa upande wa pili, na afya ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa.

Baada ya Uhuru, jiji likarithi mitaro na mabwana afya. Kisha ukaja mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972. Halmashauri za wilaya zikavunjwa, za miji nazo zikafuata, na shughuli zao zikahamia mikononi mwa serikali ya mkoa na wilaya. Kwenye karatasi huduma ziliendelea. Mitaani taka zilirundikana na mitaro ikaziba. Kipindupindu kilipoingia nchini kwa nguvu mwaka 1977, hali ya miji haikuweza kufichwa tena, na mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Kurudisha jina ni kazi ya siku moja. Mtaro uliojaa mchanga kwa miaka hauzibuki kwa sheria, na Wajapani waliposaidia jiji kupambana na malaria kuanzia 1988 hadi 1996, kuzibua mitaro kulikuwa sehemu kubwa ya kazi.

Ndiyo maana mpango wa 2004 ulijengwa juu ya watu wa mitaa. Dawa ilianza kumwagwa mwaka 2006 katika kata tatu: Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Ilikuwa bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis israelensis, anayeua viluwiluwi vya mbu bila kumdhuru samaki wala mtoto anayecheza majini. Katika joto la Dar yai la mbu laweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba au zaidi kidogo, kwa hiyo kila dimbwi lilipaswa kufikiwa kila wiki. Hata maji yaliyotuama katikati ya matuta ya matembele na mchicha yalihesabiwa. Usiku wafanyakazi wengine wa mpango walikesha, miguu wazi, wakinasa mbu mmoja mmoja aliyetua ili ijulikane wamebaki wangapi. Nani kati yetu angeifanya kazi hiyo?

Mbu wa malaria walipungua katika kata zile, na maambukizi kwa watoto yakapungua pia. Mwaka 2007 kata zikawa tisa, na 2008 zikafika zote 15. Lakini watafiti walipofuata nyayo za wafanyakazi, waligundua kwamba sehemu kubwa ya mazalio ya mbu ilikuwa haifikiwi, na kizuizi kimojawapo kilikuwa kuta. Pale ua ulipofungwa na mlinzi akakataa kufungua geti, dimbwi la ndani liliendelea kuzaa mbu kwa ajili ya mtaa mzima.

Leo dawa ya aina hii hutengenezwa Kibaha, katika kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alikitembelea na kuagiza halmashauri nchini ziitumie. Ninachokitafuta sasa katika bajeti za halmashauri si bei ya dawa pekee. Natafuta posho ya mtu atakayebeba bomba mgongoni na kushuka bonde la Msimbazi Jumatatu hii, na Jumatatu ijayo.