Utoto Wetu na Utoto wa Watoto Wetu

Ni ada ya binadamu kusifu alikotoka. Mzee akikaa barazani na kuwatazama vijana wapitao, neno la kwanza kumjia kinywani ni "zamani zetu". Sisi nasi, tuliozaliwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na ambao sasa tumepita nusu karne ya umri, tumejikuta tukiwaimbia watoto wetu wimbo ule ule tuliochoka kuusikia kwa babu zetu. Katika makala haya twakusudia kuupima wimbo huo: upi ukweli wake, na wapi tunajidanganya wenyewe na kuwadanganya watoto wetu.

Tulikulia katika kijiji kimoja cha wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Kijiji chenyewe kilikuwa kichanga kama sisi, kwani kilitokana na uhamisho wa miaka ya 1973 hadi 1976, ambapo mamilioni ya wananchi walihamia katika vijiji vya pamoja na makao yao ya asili yakageuka mahame. Wazazi wetu waliyalilia mashamba na makaburi waliyoyaacha. Sisi watoto hatukuyajua hayo. Tulichokiona ni kuwa wenzetu wa kucheza nao wameongezeka.

Mchana, tukitoka shuleni au shambani, wavulana tulifunga mpira kwa matambara na kamba za migomba, tukaunda magari kwa waya na makopo. Wasichana walicheza rede na mdako. Usiku wa mbalamwezi ulikuwa wa kombolela, na usiku wa giza ulikuwa wa jikoni kwa bibi, koroboi ikifuka moshi, naye akianza: "Paukwa!" Nasi tukaitika: "Pakawa!" Mtoto aliyeiba miwa alichapwa na jirani yeyote aliyemwona, na akienda nyumbani kushtaki aliongezwa nyingine.

Redio kijijini ilikuwa moja, ya mbao, na betri zake zikidhoofika zilianikwa juani ili zipate uhai wa siku mbili zaidi. Mwenyewe hakuisikiliza peke yake. Jioni aliitoa nje, na mkeka ukatandikwa. Hapo ndipo tuliposikia kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania, na hapo ndipo watu wazima walipoketi kimya, Novemba ya mwaka 1978, kusikia kwamba nchi imo vitani baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Furaha ilisikilizwa na wote, na hofu vile vile.

Haya ndiyo tuliyokuwa tukiwasimulia watoto wetu, mjini Dar es Salaam, usiku mmoja umeme ulipokatika na simu zao zikawa zimekwisha chaji. Tulisimulia kwa madaha, tukahitimisha kwa kusema kuwa wao hawakupata utoto. Ndipo binti yetu wa miaka kumi na minne alipouliza: "Baba, kwenu mlizaliwa wangapi?" Tukamjibu: "Sita." Akasema kwa adabu: "Shangazi aliniambia saba."

Tulinyamaza. Binti alisema kweli. Tulikuwa na mdogo wetu wa kike, aliyefariki kwa surua mwaka 1976, akiwa na miaka mitatu. Mama alimbeba mgongoni alfajiri kwenda zahanati iliyokuwa mwendo wa saa nyingi kwa miguu, naye akarudi adhuhuri akiwa bado amembeba. Hadithi zote za mpira wa matambara tulikwisha kuzisimulia mara mia, lakini hii hatukuisimulia hata mara moja. Si kwamba tuliisahau. Haikupatana na wimbo.

Tangu usiku huo tumejiuliza ni mangapi mengine tuliyoyaruka. Katika miaka hiyo, nchini mwetu, takribani mtoto mmoja kati ya kila watano hakufikia umri wa miaka mitano. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, lakini haukuweza kufika kila kijiji kwa siku moja. Elimu ya msingi kwa wote ilitangazwa mwaka 1977, nasi tu matunda yake; walakini waliopata nafasi ya sekondari walikuwa wachache mno, na dada zetu wengi, wenye akili kutushinda, walibaki nyumbani. Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, sukari ikapatikana kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi, na mama zetu wakafua nguo kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Usahili tunaousifu, sehemu yake kubwa ilikuwa ni uhitaji. Mtoto hakuuona kwa sababu mzazi alijinyima ili asiuone.

La ajabu ni kwamba babu yetu naye hakuusifu utoto wetu. Kwake yeye, redio ile ya mbao ilikuwa mwizi aliyeiba saa ya hadithi. Alituita watoto wa kusikiliza sanduku. Lakini ni sanduku hilo hilo lililoleta kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Na tulipomwuliza babu juu ya zamani zake yeye, alisifu mbuga na asali. Kodi ya kichwa na miaka yake ya umanamba katika mashamba ya mkonge hakuitaja, hata tulipoyasikia hayo kwa wengine siku ya matanga yake. Naye pia alikuwa na wimbo.

Je, basi hakuna kilichopotea? Kipo. Kilichopotea ni ule mkeka. Watoto wetu wana mengi ya kusikiliza kutushinda sisi, lakini kila mmoja husikiliza lake, chumbani mwake. Tusiwatwike lawama hiyo peke yao. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, ni sisi tulioinunua tukaiweka sebuleni, na ni sisi tulioinunua simu. Ni sisi tulioondoka vijijini kufuata mshahara, tukajenga nyumba zenye ukuta, tukamkataza jirani asimguse mtoto wetu, tukawa tunatoka alfajiri na kurejea usiku tumechoka. Bibi hakunyamazishwa na wajukuu. Tulimwacha mbali nao.

Na lipo jambo ambalo watoto wetu wametuzidi. Wao huuliza. Sisi tulifundishwa kuwa mtoto haingilii maneno ya wakubwa, na adabu hiyo ilikuwa na uzuri wake. Lakini kwa adabu hiyo hatukumwuliza mama alijisikiaje njiani siku ile, na sasa mama hayupo wa kuulizwa. Swali la binti yetu halikuwa utovu wa heshima. Alikuwa akitafuta mtu wa ukoo wake.

Marehemu Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali kabla ya wengi wetu kuzaliwa, alimtungia bintiye Utenzi wa Hati na mwanawe Utenzi wa Adili. Tenzi hizo hunukuliwa sana kwa mawaidha yake. Ila kitabu alimoziweka, Maisha Yangu, kinasimulia pia msiba wa mkewe, Amina. Mtunzi huyo hakuwapa watoto wake nasaha peke yake. Aliwapa na huzuni iliyomkuta. Hapana shaka nasaha zina uzito zaidi zikitoka kwa mtu ambaye mtoto anajua alivyolia.

Utamaduni wa taifa si ngoma na vinyago pekee. Ni pia yale ambayo mzazi humwambia mtoto kuhusu alikotoka, na asipoyasema yote, humrithisha nusu ya nchi. Tuwasimulie watoto wetu kombolela na koroboi, kwani vilikuwa vitamu kweli. Lakini tuwasimulie na surua, na foleni, na mahame.

Likizo iliyofuata tulimpeleka binti yetu Handeni. Alikaa na shangazi yake mkekani, akaiweka kati yao ile simu tuliyoilaumu, ikawa inarekodi. Shangazi alisimulia tangu magharibi hadi wengine walipolala. Jina la mdogo wetu lilikuwa Mwanahawa. Sasa binti yetu, akiulizwa, husema tulizaliwa saba.