Uwanda wa Uasin Gishu

Uwanda wa Uasin Gishu, ambao juu yake umejengwa mji wa Eldoret, magharibi mwa Kenya, umeinuka takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Na ijapokuwa ikweta i karibu upande wa kusini, hewa yake ni ya baridi, na alfajiri za Julai aghalabu hutanda ukungu. Msingi wake ni miamba ya volkeno, masalia ya lava ya kale. Upande wa mashariki ardhi hukatika ghafula kwenye genge la Elgeyo, ambalo chini yake hudhihiri bonde la Kerio, lenye joto na migunga, mandhari ambayo, kwa rai yetu, haina kifani nchini. Mto Sosiani hupita mjini, na maji yake, baada ya kuungana na Nzoia, huishia Ziwa Viktoria. Mazao makuu ni ngano na mahindi.