Isiyo tasa tuiiteje?

Katika maduka ya jumla ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo, bidhaa nyingi hufungwa kwa dazeni. Kumi na mbili inaifaa biashara kwa sababu inagawanyika: wachange wawili, watatu, wanne au sita, kila mmoja ataondoka na fungu lake kamili. Kumi na tatu haina ulaini huo. Wasipokuwa kumi na tatu wenyewe, lazima kitu kibaki. Shuleni tunaiita namba tasa.

Neno tasa nalipenda, ingawa linasema nusu ya habari. Tasa ni asiyezaa, na kweli ukiigawanya 13 huambulii kitu. Lakini geukia kuzidisha uone: tasa ndizo wazazi wa namba zote nyingine zinazozidi 1. 12 ni 2 mara 2 mara 3, na hakuna tasa nyingine zinazoweza kuizaa.

Jozi ninayoistahi zaidi ni kigawo na kigawe. 3 ni kigawo cha 12. 12 ni kigawe cha 3. Herufi moja ya mwisho imebeba tofauti yote, na haikuwekwa kwa kubahatisha. Kifuniko hufunika, ufagio hufagia: kiishio -o ni cha kitendea kazi. Kiumbe ameumbwa, mtume ametumwa: -e ni cha aliyetendwa. Mtoto wa darasa la tano anayekichanganya kigawo na kigawe aelezwe hivyo, hatavisahau.

Sasa 12 yenyewe, ikiwa mkabala wa tasa, inaitwaje? Wengi wetu husema namba isiyo tasa, basi. Dazeni inayolisha mtaa mzima inatajwa kwa sifa isiyokuwa nayo.

Hata hivyo kuna mahali ambapo jina hilo linastahili. Chukua 2 kwa kipeo cha 67, utoe 1. Unapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliiorodhesha kuwa tasa. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas alithibitisha kuwa si tasa, bila kukitaja hata kigawo chake kimoja! Alikuwa na kanuni ya kuipima namba pasipo kuigawanya. Vigawo vilionekana mwaka 1903, Frank Nelson Cole wa Marekani alipovitangaza: 193,707,721 na 761,838,257,287. Kwa miaka 27 duniani hapakuwa na sifa ya kweli zaidi ya namba hiyo kuliko “isiyo tasa”. Ndicho pekee kilichojulikana.

Namba za aina hiyo zimo hata mifukoni mwetu. Kadi nyingi za benki zenye chipu zinalindwa na namba zenye mamia ya tarakimu, kila moja ikiwa imeundwa makusudi kwa kuzidisha tasa mbili kubwa. Kuzidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kuzipata tena zile mbili ndiko kunakomshinda mwizi.

Nimesema imeundwa, na jina nadhani limo humo. Tunayo tayari akili unde, iliyojengwa kwa -e ileile ya kigawe. Basi 12 iwe namba unde, kwa kuwa imeundwa kwa tasa. “Isiyo tasa” ibaki kwa zile ambazo waundaji wake hawajapatikana.

Najua kwa nini pengo hili halituumi. Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania, Hisabati hufundishwa kwa Kiswahili hadi mwisho wa msingi. Sekondari lugha ni Kiingereza. Istilahi zetu zinaachwa mlangoni mwa kidato cha kwanza, pale hasa namba zinapoanza kuwa kubwa. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ziijadili namba unde, ziipitishe au zitupe iliyo bora. Nawe mwalimu, usisubiri kikao: iandike ubaoni kesho, uone kama watoto wataishika.